Jibu: Mishahara ya wahandisi wasanifu wa mitambo Marekani

Ndugu, umeuliza kama mishahara ya wahandisi wasanifu wa mitambo ambayo waajiri wa Marekani huitaja kwenye maombi ya viza ya H-1B (viza ya kazi kwa wageni wenye taaluma) inaaminika. Naiamini kuliko matangazo ya kazi, kwa kuwa mwajiri hutia saini tamko kwa Wizara ya Kazi kwamba atalipa kiwango anachowalipa wafanyakazi wake wenye sifa kama hizo au kile cha soko la eneo husika, chochote kilicho kikubwa. Hata hivyo, tazama pia daraja, kuanzia la 1 la wanaoanza hadi la 4 la wabobezi, na mji, maana dola 95,000 za Detroit, ukishalipa pango, zaweza kukubakishia zaidi ya 120,000 za San Jose. Mshahara wa kati (nusu yao hupata zaidi yake, nusu pungufu) wa wahandisi mitambo wote wa Marekani, Mei 2024, ulikuwa dola 102,320 kwa mwaka.