Morani aliyeruka kama chura

Mlinzi wa nyumba tunayopanga kule Sakina, Arusha, ni mzee wa Kimasai asiye na haraka na jambo lolote. Usiku mmoja, nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilitoka nje na simu kumwonyesha katuni niliyoikeshea wiki mbili: morani anaruka. Sekunde mbili tu. Nilikuwa nimeijaza kila nilichofundishwa. Kabla ya kuruka anakunja magoti mpaka makalio yanakaribia kugusa chini, anajibana kama springi, anafyatuka juu mwili umevutika, na akitua anabonyea kama mpira uliopungua upepo. Darasani ilinipa maksi nzuri, na wenzangu walipiga makofi.

Mzee aliitazama mara moja akanirudishia simu.

"Kijana, huyu ni chura umemvisha shuka."

Nilicheka kwa adabu nikarudi ndani, ila usingizi ulikuja kwa shida. Nitamrudia mzee huyu. Kwanza niseme nilifikaje kwenye chura, kwa sababu madogo wanaomaliza kidato cha nne na kutaka kusomea katuni huniuliza swali moja lilelile: "Bro, nianze na programu gani?" Swali hilo nitalijibu, ila huko chini na kwa kifupi, maana mimi sikupotelea kwenye programu.

Nilipotelea kwenye nyuso. Mwaka wa kwanza wote nilichora nyuso. Macho makubwa yenye vimulimuli viwiliviwili, nywele za ncha ncha, pua kama alama ya tiki. Nilijiona fundi. Siku moja mwalimu wetu, mtu wa maneno machache, akabandika ukutani wahusika wangu wanane, kisha akachukua karatasi ndefu akafunika vichwa vyote kwa mpigo. "Haya, nionyeshe bibi ni yupi." Kulikuwa na bibi, askari, mtoto wa shule, konda, mchungaji na wengine. Chini ya ile karatasi vilibaki viwiliwili vinane vya kijana mmoja yuleyule, kasimama wima, mikono inaning'inia, mmoja kavalishwa gauni. Nilimkosa bibi. Mimi niliyemchora, nilimkosa.

Tangu siku hiyo nikimaliza mhusika namjaza wino mweusi mwili mzima, abaki kivuli, halafu namwonyesha mtu asiyejua nachora nini. Akisema "huyu mama kachelewa kitu", nimefaulu. Akisema "ni mtu", nafuta. Mtazame Kipanya, yule panya wa mchora katuni Masoud Kipanya: mjaze wino wote unaotaka, bado utamjua. Na michoro ya tingatinga inayouzwa kwenye maduka ya sanaa mjini hapa, ile iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, imejengwa juu ya jambo hilohilo: tembo ni umbo moja kubwa ambalo hata mtoto aliye upande wa pili wa barabara analisoma.

Kuna somo la maumbo ambalo utafundishwa mapema: duara ni mpole, mraba ni imara, pembetatu ni mkorofi. Litumie wiki ya kwanza. Ukiling'ang'ania utaanza kuzalisha majambazi wenye kidevu cha pembetatu na akina bibi wa duara tupu. Konda mkorofi kuliko wote niliowahi kupanda naye gari alikuwa mviringo kama chungwa, na ukorofi wake ulikaa kwenye namna alivyoning'inia mlangoni: kidole kimoja kimeshika bomba, mwili wote umeegemea hewani kana kwamba barabara ni mali ya baba yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Mhusika anakaa kwenye uzito: anaubeba wapi, anauficha wapi, mguu upi umechoka. Uso ni wa mwisho. Nikaanza kwenda Soko la Kilombero asubuhi na daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu ya wino. Penseli niliiacha nyumbani makusudi, kwa sababu ukiwa na raba utafuta, na ukifuta yule mtu ameshapita. Nilijipa nusu dakika kwa kila mtu. Wiki mbili za kwanza ni takataka tupu, nakuambia ukweli. Wiki ya tatu mgongo mmoja ukakubali.

Ulikuwa mgongo wa mama aliyebeba beseni la ndizi kichwani. Vitabu vya animesheni vinafundisha mwendo wa mtu hivi: mguu unagusa chini, mwili unashuka, mguu wa pili unapita, mwili unapanda, mguu unagusa tena. Kichwa kinapanda na kushuka kama boti ziwani. Hatua moja inachukua fremu 12 (fremu ni picha moja ya filamu), yaani nusu sekunde, kwa kuwa filamu huenda fremu 24 kwa sekunde. Nilikuwa nimeukariri mpango huo kama sala. Sasa mama huyu anapita mbele yangu na kichwa chake hakipandi wala hakishuki. Kinateleza. Juu ya kata ya kanga lile beseni limetulia kana kwamba liko mezani, na chini yake kiuno kinafanya kazi ya watu watatu: kinazunguka, kinameza kila mtikisiko, magoti yamelegea kidogo na hayanyooki hata mara moja. Shingo ni nguzo. Mkono mmoja umeinuliwa kushika ukingo, lakini vidole havishiki, vinagusa tu.

Nilimfuata kwa macho mpaka akatua mzigo. Akaniona.

"We kijana, unaniandika nini?"

"Shikamoo mama. Nakuchora."

"Marahaba. Unanichora, halafu?"

Nikamwonyesha. Akachukua daftari, akaligeuza huku na huku, akaita wenzake wawili waje wacheke nao, kisha akasema kitu ambacho hakuna mwalimu aliyeniambia kwa uwazi namna ile: "Mbona kiuno umenipa cha mtu asiyebeba kitu?" Alikuwa na haki. Nilikuwa nimechora beseni zito juu ya mwili mwepesi. Nilinunua ndizi za elfu mbili, nikakaa, nikachora upya mara sita.

Kwa hiyo ushauri wangu hapo ni wa kawaida kabisa: salimia kwanza, omba, onyesha ulichochora, na nunua kitu. Ukijificha nyuma ya gari na kuchora watu kama mpelelezi utafukuzwa, na utastahili. Ukishazoeleka, watu wenyewe watakurekebisha bure. Fundi viatu atakuambia sindano haishikwi hivyo. Wapiga debe wa stendi ndio wanaochorwa kwa raha kuliko wote, ila hawatulii, na kila mmoja atataka umwongezee misuli.

Sasa kosa langu la pili kubwa, ambalo lilinigharimu likizo nzima. Nilimbuni chui. Nilimpenda sana yule chui. Nilimchora kwa mtindo wa tingatinga, mkia umejikunja, mwili mzima doti, doti ndani ya doti. Ukutani alikuwa mzuri mpaka watu wakauliza bei. Kisha nikaanza kumfanya atembee. Ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, sekunde moja inakula michoro 12. Chui wangu alikuwa na doti 60 upande mmoja. Zidisha mwenyewe: doti 720 kwa sekunde moja ya chui anayetembea tu, hajafanya lolote. Na afadhali ingekuwa kazi peke yake. Doti isipotua mahali palepale katika kila mchoro, ngozi inaanza kuchemka kama uji jikoni. Chui wangu alitembea sekunde mbili huku anachemka.

Picha ya ukutani na mhusika wa kutembea ni mambo mawili tofauti, na nilichelewa kuelewa hivyo. Kila kifungo, kila shanga, kila mstari wa shati unaouweka leo, utauchora tena kesho mara mia. Katuni nyingi za zamani zilizochorwa kwa mkono zina vidole vinne, na kupunguza kazi ni sehemu ya sababu. Chui nilimbakishia madoa matano makubwa mgongoni, na cha ajabu akawa chui zaidi. Morani nilimtoa miraba ya shuka yote, nikabakiza nyekundu tupu yenye ufito mmoja mweusi kwenye pindo. Shanga zikawa pete moja nene shingoni.

Kuhusu vifaa. Mwaka mzima wa kwanza mezani kwangu hapakuwa na kompyuta, na sijuti. Nilikuwa na boksi la mbao ambalo fundi seremala alinigongea kwa mabaki, juu kioo kutoka kwa fundi wa madirisha, ndani taa ya LED ya kawaida ya kukuonyesha mchoro wa chini kupitia karatasi ya juu, na karatasi nyeupe iliyobandikwa chini ya kioo ili mwanga usiumize macho. Tatizo la wanafunzi wengi ni karatasi kuhama. Studio zina vishikizo vyake maalumu, mimi nilitumia panchi ya ofisini, ile ya matundu mawili, na bolti mbili fupi za spana namba 10. Unene wa bolti hiyo ni milimita 6 na tundu la panchi ni kama hilohilo, kwa hiyo karatasi inaingia inabana, haichezi. Bolti nilizigundisha kwenye rula ya chuma, nikaifunga juu ya boksi. Rimu moja ina karatasi 500. Kwa michoro 12 kwa sekunde, rimu nzima ni sekunde 41 na ushee, na hapo hujakosea hata mara moja. Mimi nakosea. Hesabu hiyo inakufundisha kupanga kabla ya kuchora kuliko mhadhara wowote: kwanza michoro mikuu michache inayobeba kisa, kisha ya katikati baadaye.

Programu: Krita ya kuchorea na Blender ya animesheni, zote za bure, na Blender imekuwa wazi kwa kila mtu tangu 2002. Kompyuta ya mtumba inatosha kwa Krita. Hifadhi kazi sehemu mbili. Mimi nilipoteza ya mwezi mzima umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na fundi akanirudishia mashine tupu na pole. Basi, kuhusu programu nimemaliza.

Turudi kwa mzee. Siku tatu baada ya lile neno la chura nilimpelekea chai, nikamwambia, "Mzee, naomba unionyeshe." Akakataa, magoti. Baadaye akampigia simu mtoto wa ndugu yake anayelinda nyumba ya tatu kutoka kwetu, kijana mrefu, akaja na katambuga zake na fimbo. Niliomba ruhusa nikamrekodi kwa simu kwenye taa ya getini.

Wale wakongwe wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, waliandika kanuni 12 za animesheni mwaka 1981, na mojawapo ni maandalizi: kabla ya kwenda juu, mwili hushuka chini. Nilikuwa nikilitafuta goti lake lishuke. Halikushuka, au lilishuka kidogo mno hata jicho halikuliona. Kijana alisimama kama mti, akaenda juu kama mti, akarudi kama mti. Kisigino hakikugusa ardhi, alidunda kwa vidole tu. Kwa kanuni za kitabu, huyo hana uzito. Kwa macho yangu, alikuwa nao wote.

Nikakaa na ile video fremu kwa fremu. Maandalizi yalikuwepo, ila yalikuwa yamehamia juu: kifua kinajaa, mabega yanapanda, kidevu kinaingia ndani. Kule kubonyea nilikokuwa nimekuweka mwilini, kumbe kulikuwa kwenye shuka. Mwili ukienda juu, shuka inabaki nyuma, inang'ang'ania mapaja. Mwili ukifika kileleni na kusimama, shuka ndiyo kwanza inapanda, inafunguka. Mwili ukishuka, shuka bado iko juu. Shanga nazo hivyohivyo, zinachelewa, zinagonga kifua akiwa ameshatua.

Sikuinakili video. Nilishajaribu hivyo zamani, na mtu aliyenakiliwa kutoka kwenye video huelea kama puto, sijui ni kwa nini hasa, nadhani ni kwa kuwa mkono unafuata mstari badala ya kufuata nguvu. Niliifunga simu nikachora kwa kumbukumbu. Kuruka mara moja kulichukua michoro 10. Karibu na kilele niliisogeza michoro pamoja ili atulie hewani, karibu na ardhi niliiachanisha ili aende kwa kasi. Mara mbili ni 20, na minne ya kusimama mwanzoni. Michoro 24, sekunde mbili zilezile za chura.

Nilimpelekea mzee usiku, redio yake ikisoma taarifa ya habari. Aliitazama. Akairudia. Akaipunguza redio, akaitazama mara ya tatu, simu karibu na pua.

"Huyu anaruka," akasema.

Nikashukuru. Nilikuwa nimeshageuka niondoke.

"Lakini fimbo mbona umemshikisha mkono wa kushoto?"

Nikarudi ndani, nikawasha taa ya boksi, nikahesabu karatasi nyeupe zilizobaki. Zilikuwa 19.