Nyie mnaotengeneza chambo cha mota, kaeni hapa kidogo

Kila baada ya siku chache kuna kijana ananitumia video. Beseni jeupe, maji safi kabisa, chambo cha plastiki kinachapa mkia mpaka maji yanamwagika sakafuni, taa ya LED inamulika nyekundu, na nyuma kuna sauti inasema samaki wamekwisha safari hii. Nacheka, alafu roho inaniuma, maana kwenye hilo beseni hakuna samaki hata mmoja na aliyevutiwa mpaka sasa ni mwenye video. Nawapenda, bidii yenu naiona, ila nimechoka kujibu mmoja mmoja kwahiyo naandika mara moja. Mambo ya swiveli na rili siyaelezi, hayo mnayajua.

1. Jua samaki anahisi nini kabla hujanunua mota

Samaki ana sikio la ndani, na ana ule mstari wa pembeni unaopita ubavuni. Ule mstari ndo unaohisi maji yanavyosogea karibu yake, na karibu maana yake karibu kweli, kama urefu wa mwili wake mara moja au mbili, sio mita kumi. Na unahisi mitikisiko ya kasi ndogo, kuanzia ile ya polepole kabisa mpaka kama hetsi 200 hivi, hetsi ni mapigo kwa sekunde. Sasa nyie mnachukua kimota cha kutetemesha simu, kile kinazunguka kama mara 10,000 kwa dakika, piga hesabu mwenyewe, ni hetsi 167 hivi, yaani mmeenda kukaa mwisho kabisa wa kile ule mstari unachoweza kuhisi, pale ambapo hakuna dagaa aliye hai anayepiga mkia hivyo.

Mkia wa samaki una hesabu yake na sio ngumu. Chukua idadi ya mapigo kwa sekunde, zidisha na upana wa pigo kutoka upande mpaka upande, gawa kwa mwendo, jibu kwa samaki wengi wanaoogelea vizuri linaangukia kati ya 0.2 na 0.4. Samaki mdogo wa sentimita 10 akienda sentimita 30 kwa sekunde, mkia wake unacheza kama sentimita 2, anapiga mara 4 au 5 kwa sekunde basi. Mara 4 au 5! Kwahiyo kama lazima mota, weka gia za kupunguza, na ukisikia inalia kama mbu jua hizo ni gia zinasaga, na sauti kwenye maji inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Samaki atakusikia mapema sana. Atakuja au atakimbia, hilo ndo swali, na jibu halipo kwenye beseni.

2. Maji yenyewe ni mota ya bure

Kitu chochote kinachokokotwa kwenye maji kinaacha vimbunga vidogo nyuma yake, kimoja kushoto kimoja kulia, kwa zamu. Mwili wenye upana wa sentimita 2 ukivutwa mita 1 kwa sekunde unaachia kama jozi 10 kila sekunde, bila betri. Ulimi wa mbele, kile kibamba kilichotokeza chini ya mdomo wa chambo, unaongeza mchezo: ukisimama karibu wima, chambo kinabaki juu na kinayumba kwa upana, ukilala kufuata mstari wa mwili kinazama sana na kuyumba kwake kunabana. Uzito weka chini tumboni la sivyo kitageuka mgongo. Kikikimbilia kushoto, pinda kijicho cha mbele, kile cha kufungia mshipi, kulia kidogo, kidogo nimesema, sio ushike koleo kama unang'oa msumari.

Mvuvi Lauri Rapala kule Finland mwaka 1936 alichonga chambo chake kwa kisu kutoka kwenye gome, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti na akayeyusha filamu za picha kupata vanishi. Hakuwa na mota. Alichokuwa nacho ni macho, alikaa akaona samaki mkubwa akiingia kwenye kundi la wadogo anamfuata yule anayeyumba vibaya, mgonjwa, aliyepotea njia kidogo. Wale wanaoogelea vizuri anawaacha. Kila nikiona mtu anahangaika chambo chake kitembee kwa ulaini wa roboti namkumbuka huyu mzee na gome lake. Unachotafuta ni kasoro, na kasoro ni kazi kuitengeneza kuliko ulaini, maana kikiyumba sana kinazunguka kama feni na kusokota mshipi, alafu unakuja kunilalamikia mimi.

3. Usijaribu chambo bila ndoana zake

Ndoana za pembe tatu zina uzito na zinakokota maji, ukizitoa unajaribu kitu kingine kabisa, zikate ncha kama unaogopa vidole.

4. Rangi

Nyekundu ndo inayokufa ya kwanza maji yakiongezeka kina, inakuwa kijivu alafu nyeusi, na samaki aliye chini anayeangalia juu anaona kivuli tu mbele ya mwanga. Fikiria umbo na utofauti na maji yalivyo, rangi ya kupendeza muachie muuzaji.

5. Pacha mfu

Hapa ndo nilipotaka kufika, na hapa nitachelewa kidogo, mnisamehe.

Nilipoanza nilikuwa kama nyie, labda mbaya zaidi maana mimi nilikuwa pia najieleza vizuri. Nilitengeneza chambo chenye mota ndani, gia, mkia unaochapa, betri ndogo ya lithiamu, na swichi ya sumaku ili nisitoboe mwili kwa ajili ya kitufe. Unapitisha sumaku ubavuni, kinawaka. Nilijivunia ile swichi kuliko kitu chochote. Sasa angalia upumbavu ulipo: hakukuwa na kitu cha nje cha kuonyesha kimewaka au hakijawaka, ila mkia, na mkia ukiwa chini ya maji huuoni.

Alfajiri ya kwanza nilipokitupa kilikula. Kikala tena. Nikawa na daftari, naandika saa, mahali, mawingu, na kwenye safu ya mwisho, "mota: imewashwa", kila mstari imewashwa, imewashwa, imewashwa. Msimu ukaendelea na samaki wakaendelea, sio kila siku lakini vizuri kuliko nilivyozoea, na mimi nikaanza kufundisha watu. Nikawachorea michoro. Nikawaambia siri ni mapigo ya mkia, nikawapa na hesabu zile za namba 1 hapo juu, na watu wakatoa hela zao wakanunua mota na gia kwa maneno yangu.

Kulikuwa na mzee mmoja tuliyekuwa tunavua naye, mtu wa chambo cha mti na maneno machache. Siku moja akashika mshipi wangu kwa vidole viwili wakati navuta, ule mshipi wa kusuka usionyumbuka, akasikiliza kama daktari anashika mshipa wa mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki kinafanya kazi sasa hivi?"

Nikamwambia, "Ndiyo mzee, kinafanya."

"Mbona sisikii mtetemo?"

Jamani. Badala ya kukivuta nikakiangalia, nikamweleza. Nilimweleza kwa muda mrefu! Kwamba mitetemo ya chini inamezwa na maji kabla haijafika kwenye mshipi, kwamba mkia uko nyuma na fundo liko mbele, vitu hivyo. Yeye akaniachia mshipi, akasema "haya", akaendelea kuvua. Mpaka leo ile "haya" naisikia.

Mwisho wa msimu nikafungua chambo kubadilisha betri. Ndani kulikuwa na supu ya kahawia. Betri imevimba, gia zimeshikana kwa kutu, na kutu yenyewe ilikuwa ya tabaka juu ya tabaka, sio ya juzi wala ya wiki iliyopita. Mota ilikufa zamani. Lini? Sijui, na ndo kinachouma, sina hata mstari mmoja kwenye lile daftari ninaoweza kusema huu mota ilikuwa hai. Daftari zima la "imewashwa" halina thamani ya karatasi yake, na michoro yangu ilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Nilikaa kimya muda, aibu. Alafu nikafanya kitu ambacho ningefanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili, nikachukua mwili uleule, umbo lilelile, ulimi uleule, ndani hakuna mota, nikaweka uzito sawa na ule wa chambo kilichojaa maji, na mkia nikaufunga usicheze wenyewe. Pacha mfu. Nikawa navitupa kwa zamu, hiki alafu hiki, mahali pamoja, asubuhi moja, kimoja kikiwa na mota mpya niliyoihakikisha kwa vidole kwenye mshipi kama yule mzee. Mwenye mota hakumshinda mfu. Hakumkaribia hata kumshinda.

Nilivyokuja kuangalia vizuri, maji yaliyoingia ndo yaliyonifanyia kazi. Chambo nilichokichora kilikuwa chepesi, ukiacha kuvuta kinapanda juu kama kizibo. Kilipolewa maji kikawa na uzito karibu sawa na wa maji yenyewe, ukiacha kuvuta kinaning'inia palepale, kinashuka polepole mkia mbele, kinayumba mara moja mbili. Na wengi walikuwa wanakula pale kwenye kusimama. Nilikuwa nimeona hilo, limeandikwa kwenye daftari hilohilo, "amekula nikisimama", mara nyingi tu, ila macho yangu yalikuwa kwenye safu ya mota.

Niliwarudia wale niliowapa michoro, nikawaambia. Wengine walicheka. Mmoja aliniuliza kama namrudishia hela ya gia, na alikuwa na haki.

Kwahiyo kila chambo chako kiwe na pacha mfu. Ukiongeza taa, pacha hana taa. Ukiongeza njuga za ndani, vile vigololi vya kupiga kelele, pacha ana risasi za uzito uleule zilizogandishwa kwa gundi. Kitu kimoja kwa wakati. Ukiongeza taa na mota na njuga na harufu siku moja alafu ukapata samaki, hongera kwa kitoweo, lakini hujajifunza kitu.

6. Samaki watatu kwa mmoja sio ushindi

Rusha sarafu mara 4. Uwezekano wa upande mmoja kushinda 3 kwa 1, au 4 kwa 0, ni 10 kati ya 16, zaidi ya nusu! Na sarafu haina mota. Basi ukija kwangu na "chambo kipya 3, cha zamani 1" usishangae nikibadilisha mazungumzo. Endelea kutupa kwa zamu na uhesabu pia wanaofuata bila kula, maana hao ndo waliovutiwa, na wako wengi kuliko wanaonasa.

7. Maji yanaingiaje

Mnalaumu presha ya kina, na ni kweli kila mita 10 inaongeza presha kama ya anga moja zima, lakini wengi wenu mnavua mita 2. Kinachowaua ni jua. Chambo kimekaa juani, hewa ya ndani imepanuka na nyingine imetoka kupitia sili ya shafti, yaani mpira wa kuzuia maji pale mhimili wa mota unapotokea nje, alafu unakitupa kwenye maji baridi, hewa iliyobaki inasinyaa na kunyonya maji kupitia palepale. Kila kutupa ni tone. Gundi ya epoksi nje haisaidii kama shafti inapita. Njia nzuri ni kutopitisha shafti kabisa, sumaku ndani inazungusha sumaku ya nje kupitia ukuta mzima. Kama umechapa kwa printa ya 3D, maji yanapita hata kati ya tabaka za ukuta, paka epoksi nyembamba ndani na nje. Na betri ya lithiamu iliyolowa usiichaji, usijaribu, usiniulize "hata kidogo".

8. Vya harakaharaka

Fundo liwe la kitanzi kilicho wazi, ukibana kwenye kijicho umekiua chambo. Kabla ya kuweka taa au betri angalia sheria za unapovulia, kuna sehemu na mashindano hawaruhusu. Kwa uzito wa ndani, madini ya tangsteni ni mazito kuliko risasi, gramu 19.3 kwa 11.3 kila sentimita ya ujazo, inakaa padogo na haina sumu ile, ila bei yake utaiona. Chambo kinachoning'inia vizuri kwenye maji ya ziwa yasiyo na chumvi kitaelea baharini, maji ya chumvi ni mazito kwa karibu asilimia 2.5, kwahiyo mwili wa sentimita za ujazo 20 unataka gramu 20 ziwani na 20.5 baharini, pamoja na ndoana, pete na rangi, vyote juu ya mzani.

Maswali nitajibu, leteni. Ila uje na uzito kwa gramu, ujazo, picha ya ulimi kwa ubavu, na pacha wake. Ukiniandikia "ni chepesi kiasi alafu kinatetemeka vizuri", nitakujibu "haya".