Kabla ya kuchora, uliza paa ni la nani

Wanafunzi wa usanifu majengo huniuliza waanzie wapi wakitaka kutafiti makazi yasiyo rasmi na mabadiliko ya tabianchi. Huwa nawaambia waanze na mpangaji.

Mimi sikuanza hapo. Katika utafiti wangu wa kwanza nilipima joto ndani ya vyumba vya bati, kisha nikaandika mapendekezo niliyoona hayana pingamizi: bati lipakwe rangi nyeupe lirudishe miale ya jua, iwekwe dari, yatobolewe matundu ya hewa chini ya paa. Kitaalamu yote ni sahihi. Niliporudi kuyawasilisha, mama mmoja mpangaji akaniuliza, "Nikishaweka dari, mwenye nyumba akapandisha kodi, nihamie wapi?" Nilikosa jibu. Dodoso langu lote halikuwa na swali hata moja kuhusu mwenye nyumba.

Tangu hapo naanza kwa kuuliza paa ni la nani, ardhi ni ya nani, na nani hupandisha kodi. Mwenye vyumba kumi huenda haishi hapo kabisa; mafuriko yakija, anayepoteza godoro, vyeti vya watoto na siku za kibarua ni aliyepanga. Yuko bondeni kwa sababu ndiko anakomudu kodi, tena karibu na kazi. Ukimhamishia mbali kwa nia ya kumwokoa na mvua, umemkatia riziki, na atarudi.

Kaa na usiku pia. Mchana milango iko wazi. Usiku hufungwa kwa kuhofia wezi, watu watano wakalala chumba kimoja kisichopitisha hewa. Aliyepima saa saba mchana akaondoka hajajua jinsi watu wanavyolala.

Katika kusoma mifano ya kwingineko, mpe muda Baan Mankong, mpango ulioanza Thailand mwaka 2003. Wakazi huungana, huweka akiba, hujadiliana kama kundi kununua ardhi au kuikodi kwa muda mrefu, na mkopo hupewa kundi. Ramani za nyumba huja baada ya uhakika wa kukaa. Laiti ningeujua mapema.

Vipimo na ramani ulizochora waachie wenyeji nakala, kwa lugha wanayoisoma. Watazihitaji siku mtu atakapofika na karatasi ya kuwaondoa.