Maswali ya Wasomaji: Detekta na Udongo Wetu

Shikamoo mhariri. Nina detekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, ya masafa mamoja, kilohezi 18. Nyumbani bustanini inashika sarafu sentimita 20 chini. Nikifika Tiira kutafuta dhahabu kwenye marramu (udongo mwekundu wa changarawe) inalia kila mahali, hata nikiongeza usikivu. Je, imeharibika? (Msomaji, Busia)

Marahaba. Mashine ni nzima. Kilichobadilika ni udongo. Marramu imejaa oksaidi za chuma, na baadhi yake zina usumaku. Koili, ile sahani ya chini unayoipitisha juu ya ardhi, inazisoma kabla ya kusoma dhahabu. Ukiongeza usikivu, unaongeza kelele za ardhi kuliko sauti ya dhahabu.

Anza kwa kusawazisha mashine na ardhi. Weka simu, saa na jembe mbali, angalau mita mbili. Zima kichujio cha chuma (mpangilio unaoifanya mashine inyamazie chuma), kisha tafuta mahali pasipo na chuma chochote. Shika koili sambamba na ardhi, ipandishe sentimita 30 na uishushe hadi 3, tena na tena, huku ukirekebisha mpaka sauti ya kupanda na ya kushuka zilingane. Kama mashine yako ina kitufe cha kuzungusha kwa mkono, kisogeze kidogo upande mmoja. Kelele ikizidi, rudi upande wa pili. Kwa vipande vidogo ni bora ubakize mlio hafifu sana koili inaposhuka.

Sasa punguza usikivu. Wengi hawapendi kusikia hili, lakini kwenye marramu ndilo linaloleta kina. Zika chubwi ya risasi ya kuvulia samaki, ya gramu moja hivi, sentimita 8 chini, ushindilie udongo vizuri. Risasi huitikia karibu kama dhahabu. Pitisha koili usikivu ukiwa juu kabisa, kisha ushushe hatua moja moja. Utafika mahali ambapo kelele inatulia na chubwi inasikika kila unapopita, kushoto na kulia. Hapo ndipo pa kuacha.

Kichujio kiache kimezimwa. Udongo wenye chuma huvuta namba ya kwenye kioo, hivyo kipande kidogo cha dhahabu kinaweza kusomeka kama msumari na mashine ikakinyamazia. Ndiyo, utachimba vizibo vya soda na vipande vya mabati. Ni gharama ya kazi hii.

Sawazisha upya kila rangi ya udongo inapobadilika, na baada ya mvua. Palipochomwa mkaa ni pagumu zaidi, kwa sababu moto huongeza usumaku wa udongo mwekundu: hapo punguza usikivu tena na upitishe koili polepole.

Je, koili kubwa itanisaidia kufika chini zaidi? (Msomaji huyohuyo)

Kwenye bustani, ndiyo. Kwenye marramu koili kubwa inaona udongo mwingi zaidi kwa mkupuo, na kelele inazidi. Chukua ndogo, ya inchi 5 au 6, ya aina ya DD (yenye nyaya mbili za umbo la D ndani).

Pete yangu ya ndoa imepotea kando ya mabwawa ya chumvi Katwe. Detekta ya kuazima inapiga kelele tope likiwa bichi, likikauka inatulia. (Mama, Kasese)

Pole sana mama. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na mashine huyaona kama madini. Tafuta tope likiwa limekauka. Ikibidi kwenye tope bichi, chagua mpangilio wa ufukweni kama upo, au masafa ya chini, punguza usikivu, na ushikilie koili kwenye kimo kilekile; ikipanda na kushuka tu, italia. Mashine ya masafa mengi kwa pamoja ndiyo inayofaa zaidi hapo, kwa hiyo ukipata ya kuazima, hiyo ndiyo uombe.

Huku Moroto mawe yenyewe yanalia. Nitayajuaje? (Msomaji, Rupa)

Sogeza jiwe kwa mguu: sauti ikihama nalo, ni lenyewe. Inua koili, sauti ya jiwe la chuma kwa kawaida hufifia haraka. Kisha ligusishe sumaku ya spika kuukuu iliyofungwa kwenye fimbo. Likinata, lina chuma kingi, liweke kando. Lakini jiwe jeupe la kwatzi linalolia na sumaku hailivuti, usilitupe, huenda lina dhahabu ndani. Lipasue kwanza.