Kabla ya kununua kamusi nyingine, kaa na "get"

Msomaji mmoja ameniuliza anunue kitabu gani cha misamiati ya Kiingereza, maana ana usaili wa kazi ya kuongoza watalii. Mimi nimeupita usaili kama huo hapa Arusha mwezi uliopita, tena nikiwa na cheti tu mbele ya wenye shahada. Basi nawajibu wote.

Usinunue kitabu. Shika neno moja: get, yaani pata.

Sekondari tulifundishwa kulikimbia. Mwalimu wetu alilipiga mstari mwekundu kila alipolikuta, akitaka tuandike "obtain" na "receive". Inaniuma hadi leo. Wageni wangu wa kwanza walikuwa na "get" mdomoni tangu asubuhi, na hayo maneno mazito niliyokaririshwa hakuna aliyeyagusa. "When do we get to Karatu?" ni kufika. "Get me some water" ni niletee. "I'm getting tired" ni naanza kuchoka. "I don't get it" ni sielewi, na hapo tunakutana nao, kwani hata sisi husema "umenipata?"

Kilichonifungua macho ni kitenzi chetu pata. Sisi tunanyambua: patia, patana, patikana. Mwingereza anaweka kijineno baada ya "get". "Get along" ni kupatana, "get up" ni kuamka, "get over" ni kupona ugonjwa au machungu, "get away with" ni kufanya kosa ukakwepa adhabu. Kwa hiyo usilikariri peke yake, likariri na kijineno chake. Anza na ya safari: basi, treni na ndege ni "get on" na "get off", gari dogo ni "get in" na "get out".

Na Mmarekani akisema "gotten" usidhani kakosea. Ni umbo la zamani lililobaki kwao, ilhali Uingereza wengi husema "got".

Vijana wenzangu, tuache kujaza vichwa maneno ya kujionyesha. Mgeni hakulipi kwa ugumu wa msamiati, anataka mwelewane. Barua ya maombi ya kazi iandike kwa "obtain" na "receive", hapo ndipo mahali pake. Ukishakaa mbele ya wasaili, zungumza kama wageni wanavyozungumza. Na kila siku lisikilize "get" moja, uandike sentensi nzima uliyoisikia, kisha uisome kwa sauti.