Maswali ya Wasomaji: Paka Mpelelezi na Siri Asiyoweza Kuisema

SWALI

Ndugu Mhariri wa Vitabu, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Binti yangu, ambaye ni muuguzi nchini Marekani, alikuja likizo mwezi uliopita na kuniachia vitabu 12 vya upelelezi, na karibu katika vyote anayeongoza watu mpaka kwa muuaji ni paka. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya watoto. Nami nilidhani hivyo, lakini sasa nimemaliza vitano, na cha sita kiko chini ya mto wangu. Linalonishangaza ni kwamba mara nyingi namtambua muuaji mapema, na hamu yangu haipungui hata kidogo. Ninaomba unieleze ni kitu gani hasa kinachonishika.

Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Barua yako imenifurahisha, kwa kuwa nusu ya jibu imo ndani yake. Msomaji ambaye amekwisha kumjua muuaji na bado anaendelea kufunua kurasa kwa hamu ile ile, hasomi ili aambiwe jina la mtu. Kwa maoni yangu kinachokushika ni shahidi wa ajabu aliyewekwa katikati ya hadithi: kiumbe aliyeona, aliyesikia, aliyenusa, na ambaye hana njia ya kusema.

Nichukue mfululizo uliofungua njia, ambao huenda umo katika vitabu vya binti yako. Lilian Jackson Braun, aliyefanya kazi katika gazeti la Detroit Free Press kwa miaka ipatayo 30, alitoa riwaya yake The Cat Who Could Read Backwards mwaka 1966. Mhusika wake mkuu, Jim Qwilleran, ni mwandishi wa habari mwenye sharubu nene, aliyeachana na mkewe na kuachana na pombe, anayeanza maisha upya katika mji mgeni. Humo anakutana na Koko, paka wa Siam, ambaye katika kitabu hicho cha kwanza husoma vichwa vya habari kinyumenyume. Ukiliondoa jambo hilo moja, mengi anayoyafanya Koko katika mfululizo mzima yako ndani ya uwezo wa paka yeyote: hukwaruza, hunusa kona ambayo jana hakuijali, hukataa chakula, hulia usiku wa manane, na katika vitabu vya baadaye husukuma kitabu kutoka kwenye rafu mpaka kikaanguka sakafuni. Baadaye huonekana kwamba jina la kitabu kile lilikuwa na uhusiano na uhalifu. Je, Koko alijua, au alikuwa anacheza? Mwandishi hasemi waziwazi, na Qwilleran, ambaye sharubu zake humsisimka anapohisi jambo, hubaki akikisia pamoja nasi.

Ufundi mkubwa wa riwaya hizi uko hapo, Mwalimu, na nadhani hausifiwi inavyostahili. Tatizo la kila mwandishi wa upelelezi ni mahali pa kuficha dokezo, kwa sababu akilificha mno msomaji huona amedanganywa, na akiliacha wazi mno fumbo hufumbuka mapema. Braun aliliweka dokezo mbele ya macho yetu kabisa, akalifunika kwa tabia ya kawaida ya paka. Tunaona kitabu kimeanguka, tunacheka, tunasonga mbele, na kurasa 100 baadaye ndipo tunapotambua kwamba hatukuambiwa uongo wala hatukunyimwa kitu.

Wasomaji wa Kiswahili tuna kipimo kizuri cha kulinganishia. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, tumezoea mpelelezi mwenye kiko mdomoni, anayewaza kimya kimya huku watu waliomzunguka, pamoja na rafiki yake Najum, wakihangaika na wasielewe, mpaka mwisho anapolifungua fumbo lote kwa maneno yaliyopangika. Umbo hilo ni la Sherlock Holmes na Watson: mwenye akili hueleza, asiyejua husikiliza. Hadithi ya paka inaligeuza umbo hilo juu chini, maana humu anayejua ndiye asiyeweza kueleza, na binadamu aliyekuwa na kazi ya kusikiliza tu analazimika kuifanya kazi ya kueleza yeye mwenyewe. Ndiyo sababu, hata unapomtambua muuaji kabla ya Qwilleran, hujisikii umemshinda paka. Bado unataka kuona huyo binadamu atafikaje pale ambapo mnyama amekwisha kufika.

Wala si uzushi mtupu kumpa paka nafasi hiyo. Sikio lake hukamata sauti za mitetemo ipatayo 64,000 kwa sekunde, ilhali letu hukomea kwenye 20,000 hivi, na gizani huhitaji takribani sehemu moja ya sita tu ya mwanga tunaouhitaji sisi. Kila aliyeishi na paka amewahi kumwona akiinua kichwa ghafla na kuukazia macho ukuta usio na kitu. Sisi tunampuuza, mwandishi wa riwaya hizi anatuuliza ingekuwaje kama tusingempuuza.

Kuna sababu nyingine, na hii naipenda zaidi. Paka hajali kwamba mtu ameuawa. Saa ya chakula ikifika anataka chakula chake, na Koko na mwenzake Yum Yum ni wateuzi kweli kweli, hawakubali chakula cha kopo cha paka bali hutaka bata mzinga na samaki wazuri. Hivyo Qwilleran anaweza kuwa ametoka kuiona maiti asubuhi, lakini jioni lazima akate nyama vipande vidogo vidogo, awasugue manyoya, kisha akae awasomee kitabu kwa sauti kama ilivyo desturi yao. Mauaji yamevuruga mji, lakini ratiba ya nyumba hiyo haivurugiki. Utulivu unaoupata, Mwalimu, kwa kiasi kikubwa unatoka jikoni mwa Qwilleran, na ndiyo maana unarudi kwenye kitabu cha sita hata kama fumbo la cha tano lilikuwa jepesi.

Wamarekani wana jina la aina hii ya riwaya, lenye maana ya ule ujotojoto wa kukaa ndani wakati nje kuna baridi. Mimi huziita riwaya za upelelezi tulivu. Miiko yake inajulikana: damu haionyeshwi, mambo ya faragha hayaelezwi, mahali ni mji mdogo ambao watu wake wanajuana, na mpelelezi kwa kawaida si askari. Bi. Marple wa Agatha Christie, aliyeonekana katika riwaya kwa mara ya kwanza mwaka 1930, ni bibi wa ukoo huo.

Kuhusu kauli ya mume wako, ningemwomba kwa heshima asikie habari ya mwanzo wa Koko. Braun alikuwa na paka wa Siam mwenye jina hilo hilo, aliyempenda sana, na paka huyo alianguka kutoka ghorofa ya kumi akafa, huku watu wakidokeza kwamba alisukumwa. Ili aitoe huzuni yake aliandika hadithi fupi juu ya kifo cha paka, iliyochapishwa mwaka 1962 katika jarida la Ellery Queen's Mystery Magazine. Riwaya tatu zilifuata kati ya 1966 na 1968, kisha pakawa na kimya cha miaka 18, kwa kuwa ladha ya wachapishaji ilikuwa imehamia kwenye vitabu vya ukatili na mapenzi ya wazi. Aliporudi mwaka 1986 hakubadilisha kitu: paka walikuwa wale wale, na upole ule ule. Kufikia 2007 alikuwa ametoa riwaya 29 za mfululizo huo, na alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 97. Mtu aliyeanza kuandika kwa sababu alitaka kifo cha paka wake kihesabiwe kuwa kifo, sioni ni vipi tumwite mwandishi wa mambo ya kitoto.

Nakiri hata hivyo kwamba si vitabu vyote vya aina hii vina uzito sawa, na mizani yangu ni sauti ya paka. Rita Mae Brown, katika mfululizo ulioanza mwaka 1990 na ambao jalada lake humtaja paka wake Sneaky Pie Brown kuwa mwandishi mwenza, anawaacha wanyama wazungumze wao kwa wao, lakini mkuu wa posta wa mji wa Crozet, Virginia, anayeishi nao, husikia nyau tu. Mpango huo naupenda, kwa sababu ukuta kati ya paka na mtu bado umesimama, na sisi wasomaji tumewekwa juu yake tukiona pande zote mbili. Shirley Rousseau Murphy alikwenda mbali zaidi mwaka 1996: paka wake Joe Grey huongea na binadamu, na huwapigia polisi simu bila kujitaja. Wapo wanaofurahia sana, nami siwalaumu, lakini paka akishaweza kupiga simu, kwangu amekuwa mpelelezi mdogo mwenye manyoya, na ile siri ya macho yake imeondoka.

SWALI

Mhariri, shikamoo. Ninasoma chuo hapa Mombasa na ninaandika hadithi ya upelelezi inayotokea katika mji wa kale wa Lamu, ambako paka wako kila mahali. Je, nimpe paka wangu sauti ya kusimulia, au nimnyamazishe?

Mwanafunzi, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mnyamazishe. Nimekwisha kutoa sababu kwa Mwalimu wa Tanga, basi nitaongeza moja inayokuhusu wewe peke yako. Koko ni paka wa ndani, anayeishi na mtu mmoja, kwa hiyo Braun alilazimika kuuleta uhalifu karibu naye. Paka wako wa Lamu hana mwenyewe mmoja. Asubuhi yuko bandarini akisubiri mashua za wavuvi, adhuhuri amelala barazani kwa mtu, jioni anapita juu ya kuta kutoka ua hadi ua, na hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Shahidi wa namna hiyo, anayeingia katika kila nyumba bila kubisha hodi, Braun hakuwa naye.

Lakini usimpe maarifa yasiyo ya paka. Kabla hujaandika habari ya maiti, andika siku moja nzima ya paka huyo, saa kwa saa, na nyumba zote anazopata chakula. Kisha chagua mlango mmoja anaouingia kila siku, ambao siku hiyo alifika kizingitini, akasimama, akageuka.