Safari ya kusaidia watoto Iringa: vitanda vipya au bibi mwenye wajukuu?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Iringa, naishi Minnesota, Marekani. Usharika wetu wa Kilutheri hapa umo kwenye ushirikiano wa Bega kwa Bega na Dayosisi ya Iringa. Mwakani, mwezi wa saba, tunataka kuja watu 12 kwa wiki mbili kusaidia watoto yatima. Nimeunganishwa na makao fulani ya watoto. Mkurugenzi anasema tuje tucheze na watoto, tupake rangi mabweni, na tukiweza tununue vitanda 20 ili apokee watoto zaidi. Tumeshakusanya nguo, midoli, maziwa ya kopo, na dawa ambazo hospitali yetu ilitaka kuzitupa. Wenzangu wana moyo kweli, wengine wameweka akiba muda mrefu kwa ajili ya safari hii. Tunahitaji vibali gani, na niwaandaeje?

Muuguzi, Minnesota

JIBU

Marahaba mwanangu. Vibali nitavifikia. Kwanza hivyo vitanda 20.

Nilikuwa afisa ustawi wa jamii nyanda za juu kusini mpaka nilipostaafu, na nimeona jinsi kitanda kipya kinavyotafutiwa mtoto wa kukilalia. Mara nyingi mtoto huyo hatoki barabarani, anatoka kwa bibi yake. Namkumbuka bibi mmoja wa Kilolo aliyepeleka wajukuu wawili makao. Baba yao alikuwa amefariki, mama yao yuko Dar akifanya kazi za ndani. Bibi alikuwa ameambiwa kwamba pale kuna wafadhili, watoto watasomeshwa. Hakuwa amewachoka. Alikosa sare, madaftari, na mahindi ya kuvukia miezi ya njaa, Januari mpaka mavuno. Tulipokaa kupiga hesabu, fedha za kumlea mtoto mmoja pale makao zingewatosha wote watatu nyumbani kwao. Watoto wakarudi kwa bibi, kijiji kikachangia, nasi tukawa tunawatembelea.

Wala si Iringa peke yake. Save the Children walieleza mwaka 2009 kwamba duniani kote angalau watoto wanne kati ya watano walioko kwenye taasisi za malezi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likazitaka nchi zichukue hatua kuhusu madhara ya utalii na kujitolea kwenye vituo vya yatima.

Sisemi makao yote ni mabaya. Wapo watoto waliotupwa, wapo tuliowatoa kwenye nyumba walikokuwa wakiumizwa, na mimi mwenyewe nimewapeleka usiku kwa walezi ninaowaheshimu mpaka leo. Lakini hata makao hayo mazuri hayahitaji wageni 12 wa kuwabeba watoto na kuondoka wiki ya pili. Mtoto anayemrukia mgeni asiyewahi kumwona, mgeni husema ana upendo. Sisi wa kazi hii tunamwona mtoto ambaye watu wazima wa maisha yake wamebadilika mara nyingi mno.

Basi mwandikie Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yalipo makao hayo. Muulize kama yana leseni, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka. Muulize watoto waliingizwa pale kwa idhini ya nani, na upo mpango gani wa kuwarudisha kwa ndugu zao. Mkurugenzi asiyetaka maswali hayo msimpe fedha.

Mje mfanye nini, sasa? Wewe ni muuguzi na ni mtoto wa Iringa, kwa hiyo hili litakuuma kama linavyoniuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba mkoani kwetu karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni 30. Mkoa wa mahindi, maharage, viazi na parachichi! Chakula kipo. Lakini mama anatoka alfajiri kwenda shamba, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba, asubuhi uji mtupu wa mahindi, jioni ugali. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni kama ngumi yake, hawezi kula mara mbili kwa siku akajenga mwili. Maharage na mayai yaliyomo ndani yanasubiri kuuzwa.

Kazi ya kubadilisha hayo tayari ina wenyewe. Kila robo mwaka vijiji hufanya Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, tunaiita SALIKI. Watoto wanapimwa, akina mama wanapika pamoja uji uliotiwa karanga, wanajifunza kuponda maharage na mboga kwa ajili ya mtoto mdogo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaijua kila kaya, nani kajifungua, nani anamficha ndani mtoto mwenye ulemavu. Niliofanya nao kazi walikosa ubao wa kupimia urefu, mizani nzima, baiskeli, hata koti la mvua. Muulize afisa lishe wa halmashauri SALIKI itakuwa lini, na tarehe zenu zifuate hiyo. Wewe na wauguzi wenzako mtapima na kuandika chini ya usimamizi wa wahudumu wa hapo. Watembeleeni na wale akina mama ambao hawakufika. Mwezi wa saba watu wako kwenye mavuno na asubuhi ni baridi kali, kwa hiyo msimwite mtu kabla jua halijapanda.

Kwa mtazamo wangu, wanaotosha ni watu watano. Nauli za wengine saba zitumwe kupitia ofisi ya dayosisi na ustawi wa jamii, zihudumie kaya za mabibi kwa miaka kadhaa, na hao saba wawe ndio wanaosimamia uchangishaji huko usharikani. Najua itawauma walioweka akiba. Waambie waziwazi, na mapema. Rangi ya mabweni ipakwe na fundi wa Iringa kwa ujira, naye ana watoto nyumbani.

Kuhusu vibali, viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya bure. Mwenyeji wenu aanze kuzungumza na Uhamiaji miezi kadhaa kabla. Wanaokuja kujitolea kwa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi daraja C. Kumgusa mgonjwa kunahitaji usajili wa muda, wauguzi kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na madaktari kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika. Leseni yako ya Minnesota haikutoshi hapa, hata kama ulizaliwa mtaa wa pili.

Dawa za kutupwa ziacheni huko huko. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja zinapofika, na kuziingiza kunahitaji kibali cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Omba orodha ya mahitaji kutoka hospitali ya misheni mtakayofanya nayo kazi, mnunue hapa nchini. Maziwa ya kopo msiyalete kabisa. Kopo likiisha mama hana la kununua, maziwa yake yamepungua, na maji ya kukorogea si salama. Nguo za mitumba zimejaa sokoni Iringa. Kama mnataka watoto wapate joto, wapeni mafundi wetu kazi ya kufuma masweta ya shule. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, isije ikawasumbua uwanja wa ndege.

Kila atakayesafiri alete cheti cha polisi cha kuonyesha hana rekodi ya makosa, hata mchungaji, hata mzee wa kanisa wa miaka 70. Asikae mtu mzima peke yake na mtoto mahali pa faragha. Mkiona au mkiambiwa jambo baya, namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, na dawati la jinsia na watoto lipo polisi. Picha za watoto zipigwe kwa ridhaa ya mzazi au mlezi tu. Msimweke mtandaoni mtoto aliyevuliwa nguo ili apimwe, na chini ya picha msiandike kijiji chake wala ugonjwa wake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwapo, mtoto huyo atakua na atajiona.

Barua kwa afisa ustawi iende wiki hii, nakala kwa ofisi ya dayosisi, kabla hamjalipia tiketi hata moja. Akijibu, niandikie tena uniambie amesema nini kuhusu leseni.